Uhesabu Mawimbi au Uhesabu Muda? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupima Masafa kwa Kaunta na Taima

Karakana yangu iko Majengo, Mombasa. Kazi yangu kubwa ni bodi za kuendeshea jenereta, na msimu wa watalii ukikaribia naletewa pia dashibodi za boti. Jumamosi jioni vijana hupita na Arduino zao mkobani, zile bodi ndogo zenye chipu unayoiandikia programu mwenyewe, na karibu kila mmoja huja na swali la masafa, sura tu ndiyo tofauti. Nimeyaandika hapa ili nikiulizwa tena nitume ukurasa, koo langu lipumzike.

Nikisema masafa, nina maana ya mizunguko mingapi kwa sekunde, yaani hezi. Fundi wa Mwembe Tayari atakwambia frikwensi. Ni kitu kile kile. Hesabu zote hapa ni za Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa MHz 16, isipokuwa nitakapotaja nyingine.

Masafa hupimwa kwa njia ngapi?

Mbili, na zote mbili wazijua tangu utotoni.

Maji ya bahari yetu hujaa na kupwa, na kati ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25. Sasa uambiwe upime masafa ya maji ya bandari ya Kilindini. Utaketi ufukweni Mama Ngina uhesabu yamejaa mara ngapi ndani ya saa moja? Utapata sifuri, au ukibahatika utapata moja, na majibu yote mawili hayana maana. Mvuvi hafanyi hivyo. Hutazama saa maji yakijaa, akatazama tena yakijaa mara ya pili, akatoa. Amepima kipindi, masafa ni moja ugawe kwa kipindi hicho.

Sasa nenda arusini, chakacha imekolea, mpiga ngoma mikono haionekani. Hapo huwezi kupima muda kati ya pigo na pigo kwa saa ya mkononi. Utahesabu mapigo ndani ya dakika nzima, basi.

Ndani ya chipu ni vivyo hivyo. Njia ya kwanza: kaunta inahesabu mawimbi ya ishara, na taima inafungua lango kwa muda unaojulikana, tuseme sekunde moja. Njia ya pili: ishara yenyewe ndiyo lango, na kinachohesabiwa ni mapigo ya saa ya chipu kati ya ukingo mmoja wa ishara, yaani pale volti zake zinapopanda au kushuka, na ukingo unaofuata. Ukikosea kuchagua, bodi itafanya kazi vizuri tu na jibu litakuwa bovu.

Nichague ipi, na mpaka uko wapi?

Kila kaunta hukosea kwa hesabu moja, kwa sababu lango halifunguki wimbi linapoanza wala halifungi linapokwisha. Moja hiyo haikwepeki. Swali ni moja kati ya ngapi.

Ukihesabu mawimbi kwa sekunde moja, na ishara ni Hz 50, umekosea moja kati ya 50, yaani asilimia 2. Ishara ikiwa MHz 1, ni moja kati ya milioni, na hapo umestarehe.

Ukipima kipindi kwa saa ya MHz 16, wimbi moja la Hz 50 lina mapigo 320,000 ya saa. Moja kati ya 320,000 ni kitu kidogo mno. Lakini wimbi la MHz 1 lina mapigo 16 tu, na moja kati ya 16 ni aibu.

Mpaka ni pale makosa mawili yanapolingana: kipeuo cha pili cha (masafa ya saa ugawe kwa sekunde za lango). Kwa MHz 16 na lango la sekunde moja ni Hz 4,000. Chini ya hapo pima muda, juu ya hapo hesabu mawimbi.

Vifaa vya bei kubwa havina mpaka huu. Vyenyewe huhesabu mizunguko mizima, mingapi iwayo, kwa kama sekunde moja, na wakati huo huo hupima kwa saa yao mizunguko hiyo imechukua muda gani hasa. Mizunguko ugawe kwa muda. Kosa hubaki pigo moja la saa kati ya milioni kadhaa, ishara iwe ya polepole au ya kasi. Nawe waweza kuifanya kwenye Uno: badala ya kipindi cha wimbi moja, chukua muda wa mawimbi 100 ugawanye.

Mbona mita yangu yaonyesha 50, mara 51, mara 50, na jenereta inanguruma vile vile?

Kwa sababu umehesabu mawimbi kwa sekunde moja pale ulipotakiwa kupima muda. Hili lilinifundisha mimi mwenyewe, na sikufundishwa kwa upole.

Kulikuwa na nyumba ya wageni ng'ambo ya Likoni iliyokaa kwa jenereta usiku na mchana, siku tatu. Niliitwa kwa sababu gavana, kile kidude kinachoshika kasi ya injini, ilikuwa imeguswa-guswa na mtu. Nikaenda na mita niliyoiunda mwenyewe, Uno na kioo cha mistari miwili, lango la sekunde moja. Mara nyingi 50, kila baada ya muda 51. Nikamwambia mwenye nyumba, mama mtu mzima, kwamba mashine ni sawa. Akaniita jikoni.

"Fundi, mita yako yasema hamsini. Saa ya jiko langu yakimbia robo saa kila siku tangu tuwashe mashine hii. Nani mwongo?"

Saa za majiko mengi ya umeme huhesabu mizunguko ya umeme wenyewe: kila mizunguko 50 ni sekunde. Robo saa kwa siku, ukiipiga hesabu kwa dakika 14.4, ni asilimia 1 kamili, kwa maana jenereta ilikuwa ikienda Hz 50.5. Jiko lile lilikuwa kaunta yenye lango la siku nzima, limekusanya mizunguko zaidi ya milioni nne, na hesabu moja huku au huko haikulitikisa. Mita yangu ya kujivunia ilikuwa na mizunguko hamsini mkononi.

Nikarudi Majengo, nikaandika programu upya ipime kipindi. Taima 1, kigawanyo cha 8 (taima huhesabu moja kwa kila mapigo 8 ya saa), kila pigo nusu ya maikrosekunde. Wimbi la Hz 50 linakuwa mapigo 40,000, na pigo moja ni sawa na Hz 0.00125. Asubuhi nikavuka feri tena. Mita ikasoma 50.31, ikatulia, desimali ya pili haitikisiki. Nikafurahi kama mtoto siku ya Idi.

Lakini jiko lilisema 50.5. Na jiko ndilo lililokuwa kweli.

Inawezekanaje mita isome kwa utulivu namna hiyo na bado ikosee?

Utulivu na ukweli ni vitu viwili. Mita yangu ilikuwa ikirudia uongo mmoja kwa unyofu mkubwa. Kila kipimo cha masafa ni kulinganisha ishara na saa yako, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa bora kuliko saa.

Kwenye Uno R3 chipu kuu haiendeshwi na kristali, inaendeshwa na rezoneta ya kauri, kidude kidogo ambacho kinaweza kupotoka hadi karibu nusu asilimia. Kristali ya kawaida hupotoka sehemu 20 hadi 50 kwa milioni, ambayo ni mara mia na zaidi bora kuliko hiyo. Watu wengi huona "16.000" imeandikwa kwenye kristali ya ile bodi wakadhani wamesalimika, ile ni ya chipu ya USB iliyo jirani.

Nilichofanya ni kuchukua moduli ya GPS, aina ya NEO-6M, ambayo ina waya unaotoa pigo moja kila sekunde baada ya kuzipata setilaiti. Pigo lile hufuata saa za atomiki zilizo angani, na mkengeuko wake ni nanosekunde makumi tu. Nikaliingiza kwenye pini ile ile ya kupimia, nikahesabu bodi yangu inaona mapigo mangapi kwa sekunde. Ingekuwa 2,000,000. Nikapata kama 2,007,500. Saa yangu ilikuwa mbele kwa asilimia 0.375, hivyo kila wimbi lilionekana refu kuliko lilivyo, na masafa yakasomeka pungufu. Chukua 50.31, zidisha kwa 1.00375: 50.50. Jiko la mama likaondolewa lawama, na gavana nikairekebisha.

Siku hizi kila bodi ninayoiuza ina nambari yake ya marekebisho ndani ya kumbukumbu ya EEPROM, iliyopimwa kwa GPS kabla haijatoka mlangoni.

Sina GPS. Kuna njia nyingine?

Moduli ya saa ya DS3231. Ndani yake kuna kristali inayojirekebisha kwa joto, na kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi mkengeuko hauzidi sehemu 2 kwa milioni. Ina pini ya SQW, nayo yaweza kutoa pigo la sekunde moja. Kwa jenereta na pampu hiyo ni zaidi ya mahitaji. Tahadhari moja: pini hiyo haipandi yenyewe, yataka rezista ya kuivuta juu, kilo-omu 10 yatosha.

Na kwa wenye GPS wanaolalamika kwamba haipati setilaiti: ndugu, mabati juu ya kichwa hayapitishi. Itoe dirishani. Mji wa Kale kwenye vichochoro hata dirishani ni shida, panda darini.

Kwenye Uno waya naziingiza wapi, na rejista zipi?

Kuhesabu mawimbi: pini 5, ndiyo T1, mlango wa nje wa Taima 1. Kupima muda: pini 8, ndiyo ICP1, pini ya kunasa. Sio pini yoyote uitakayo, ni hizo.

Kwa kupima kipindi mimi huandika hivi kwenye rejista, yaani vijisehemu vya kumbukumbu vinavyoiamuru taima:

TCCR1A = 0;
TCCR1B = 0b11000010;
TIMSK1 = 0b00100001;

Mstari wa pili, kutoka kushoto: biti ya kwanza yawasha kichujio cha vurugu, ya pili yasema nasa kwenye ukingo wa kupanda, na ile 010 ya mwisho ni kigawanyo cha 8. Wa tatu unaruhusu makatizo mawili, yaani wito unaoisimamisha programu kidogo ishughulikie jambo: katizo la kunasa, na katizo la kufurika, pale taima inapofika mwisho na kurudi sifuri. Kwa kuhesabu mawimbi kwenye pini 5, TCCR1B inakuwa 0b00000111: saa ya taima sasa ni ishara yako mwenyewe, ukingo wa kupanda.

Mstari wa kwanza unaonekana hauna kazi, na ndio unaowaliza wengi. Arduino inapowaka huiacha Taima 1 katika hali ya PWM, ile ya kutoa mapigo ya upana unaobadilika, ambapo haihesabu kupita 255. Usipoiweka TCCR1A sifuri utapata nambari ndogo ndogo za ajabu na utaapa chipu imeungua. Nimeletewa bodi tatu "zilizoungua" namna hiyo.

Ukishaichukua Taima 1, analogWrite kwenye pini 9 na 10 imekwenda, na maktaba ya Servo nayo haitafanya kazi. Hakuna taima ya bure.

Kwa nini nisitumie attachInterrupt na micros tu? Ni rahisi.

Hiyo ni kuitisha katizo kwenye pini, kisha kusoma saa ya Arduino ya maikrosekunde. Ni rahisi, na kwa ishara ya Hz 10 sina ugomvi nayo. Lakini micros kwenye Uno hupanda kwa hatua za maikrosekunde 4, na katizo lako laweza kucheleweshwa na katizo jingine lililotangulia. Muda unaousoma ni muda ambao programu ilipata nafasi, sio muda ukingo ulipofika.

Pini ya kunasa ni tofauti kabisa. Ukingo ukifika, maunzi yenyewe hunakili taima kwenye rejista ya ICR1 papo hapo, hata kama programu imeshughulika kuandika kwenye kioo. Ni kama karani wa mlangoni anayegonga muhuri wa saa kwenye barua: bosi aisome sasa au baada ya chai, saa ya kufika imeshaandikwa.

Taima ina biti 16 tu. Ikifurika?

Kwa kigawanyo cha 8 hufurika kila milisekunde 32.768. Wimbi la Hz 50 ni milisekunde 20, hivyo unaingia bila hata kujali kufurika, mradi utoe nambari zisizo na alama: unasa wa pili toa wa kwanza katika uint16_t, na hata taima ikiwa imepita sifuri katikati, jibu ni sahihi lenyewe. Ishara ikishuka chini ya kama Hz 30.5 lazima uhesabu mafuriko.

Hapa pana mtego, na nimepoteza usiku mzima wa Ramadhani kwa sababu yake, kuanzia baada ya tarawehe hadi daku. Tuseme taima imefurika, na mapigo machache baadaye ukingo ukafika, kabla chipu haijapata nafasi ya kushughulikia kufurika. Makatizo mawili yanasubiri. ATmega328P hutanguliza la kunasa. Programu yako inasoma ICR1, inapata nambari ndogo kama 12, inaitazama kaunta ya mafuriko, na kaunta haijaongezwa bado. Umepoteza 65,536.

Dalili yake ni ya wazi ukishaijua. Ukipima sekunde ya GPS, utaona 2,000,000, 2,000,000, 2,000,000, kisha 1,934,464, na mara tu baada yake 2,065,536, halafu utulivu tena. Pungufu ya kwanza na ziada ya pili ni 65,536 kamili. Kile kilichoibwa kwenye kipimo kimoja kilirudishwa kwenye kinachofuata.

Tiba: ndani ya katizo la kunasa, angalia bendera ya kufurika, TOV1, kwenye rejista ya TIFR1. Ikiwa imesimama, na ICR1 ni chini ya 32,768, basi kufurika kulitangulia ukingo. Ongeza moja kwenye hesabu ya unasa huo. Ikiwa ICR1 ni kubwa, kama 65,530, kufurika kumekuja baada ya ukingo, usiongeze. Mistari miwili ya programu, nayo ilinigharimu futari ya siku ya pili kwa kulala.

Na usisome nambari ya biti 32 kwenye programu kuu huku makatizo yako wazi. Chipu ni ya biti 8, inaisoma vipande vinne, na katizo likiingia katikati utapata kichwa cha mbuzi kwenye kiwiliwili cha kuku.

Naweza kuchomeka umeme wa nyumba moja kwa moja kupitia rezista kubwa?

Hapana. Volti 240 hazina utani, na bodi yako imeunganishwa na laputopu, na laputopu iko mapajani mwako.

Tumia transfoma ndogo ya kushusha hadi volti 9. Kutoka hapo weka rezista ya kilo-omu 1 kwenda kwenye optokapla ya PC817, kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga bila pande mbili kugusana, na daiodi ya 1N4148 ikiwa imegeuzwa sambamba na taa ya ndani ili nusu ya pili ya wimbi isiivunje. Upande wa pili, rezista ya kilo-omu 10 kutoka volti 5, na transista ya optokapla ivute chini. Kuna wanaoruka transfoma wakaweka rezista kubwa kwenye optokapla. Inafanya kazi hadi siku unyevu na chumvi ya hewa yetu vinapotambaa juu ya bodi isiyopakwa vanishi. Nimeona bodi ya miaka miwili kutoka Nyali imeota ukungu wa kijani kwenye lehemu.

Usomaji ni sawa, halafu ghafla waruka mara mbili au tatu. Ni nini?

Ukingo mmoja unahesabiwa mara nyingi. Umeme wa jenereta ndogo, na zaidi ule wa inveta za bei nafuu, hauna wimbi laini, una meno. Wimbi linapovuka kizingiti polepole, kila jino huvuka, likarudi, likavuka tena, na chipu huona kingo tatu pale wewe unapoona moja. Optokapla yenyewe pia ina ukingo mlegevu.

Kichujio cha ndani cha ATmega hudai sampuli nne zinazolingana, lakini sampuli nne za MHz 16 ni robo ya maikrosekunde, na meno ya inveta ni mapana kuliko hapo. Ninachoweka mimi ni 74HC14, ile geti ya Schmitt yenye vizingiti viwili: cha kupandia kiko juu, cha kushukia kiko chini, na jino dogo halifiki kotekote. Kabla yake rezista na kapasita ya kulainisha. Mwisho, kwenye programu, kipindi kifupi kuliko milisekunde 15 nakitupa, maana hakuna jenereta ya kawaida inayokwenda Hz 67 ikabaki salama.

Pima siku zote kutoka ukingo wa kupanda hadi wa kupanda. Ukichanganya kupanda na kushuka unapima upana wa nusu wimbi, na nusu mbili hazilingani kamwe.

Jenereta yangu ya mtumba yasoma Hz 60. Imeharibika?

Huenda ilitoka melini. Meli nyingi hutumia Hz 60. Mashine ya poli nne (poli ni ncha za sumaku) hutoa Hz 60 ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, na Hz 50 ikizunguka mara 1,500. Zidisha mizunguko ya dakika kwa idadi ya poli, gawanya kwa 120. Usikimbilie kuishusha gavana kabla ya kutazama kibao chake, kwa sababu volti nazo zitashuka.

Nataka mita ya kuuzia maji. Nipime masafa ya kihisi?

Kihisi cha mtiririko wa maji cha YF-S201 ambacho wengi mnanunua hutoa mapigo kama 450 kwa lita; masafa yake kwa hezi ni 7.5 mara lita kwa dakika. Lakini mteja wako mwenye mkokoteni anataka mtungi wa lita 20 ujae, hana haja na masafa. Usipime masafa pale unapotaka jumla. Hesabu mapigo 9,000, funga valvu. Ukipima masafa kila sekunde ukazidisha na kujumlisha, unajiongezea kosa la hesabu moja kila sekunde bila sababu.

Nambari 450 ichukue kama ya kuanzia. Jaza mtungi, upime kwa mizani, rekebisha. Na kwa visima vyetu vya maji ya chumvi, rudia kila baada ya miezi michache, kwa sababu magadi hushika kwenye kijipanga cha ndani kinachozungushwa na maji na kukipunguzia kasi.

Na mizunguko ya injini ya boti?

Waya wa takometa wa injini nyingi za nje hutoka kwenye alteneta. Alteneta ya poli 12 hutoa mapigo 6 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 3,000 kwa dakika ni Hz 300. Pima muda, usihesabu. Hesabu poli kwanza, injini hazifanani.

Kaunta inafika MHz ngapi?

Pini 5 ya Uno: mtengenezaji wa chipu anashauri usizidi masafa ya saa gawanya kwa 2.5, yaani MHz 6.4. Sababu ni kwamba chipu huichungulia pini mara moja kila pigo la saa, na wimbi likiwa fupi mno linapita katikati ya machungulio mawili.

Juu ya hapo weka kigawanyo nje. Mteja mmoja alitaka kukagua redio ya boti, chaneli 16, ambayo ni MHz 156.8. Ukigawa kwa 64 inakuwa MHz 2.45, na Uno inaimeza. Lakini fikiria saa: rezoneta iliyopotoka nusu asilimia itakuonyesha redio iko MHz 0.78 pembeni, yaani chaneli nyingine kabisa. Hapa bila GPS usianze. Na tafadhali, redio iunganishwe na mzigo bandia badala ya antena, wala usijaribie kwenye chaneli 16. Ile ni ya wito na ya wanaozama.

Jambo la pili katika masafa haya: lango. Ukifungua na kufunga lango kwa katizo la Taima 2, na katizo la millis, ambalo ni la Taima 0, likakuchelewesha maikrosekunde 5, kwa ishara ya MHz 5 umeongeza hesabu 25. Zima katizo la Taima 0 wakati lango liko wazi.

Bodi za ESP32, STM32 au Pico zina nafuu?

Zina. ESP32 ina kitengo cha PCNT kinachohesabu kingo bila kuisumbua programu, na kichujio chake cha mapigo mafupi hufika maikrosekunde 12 hivi, bora mara nyingi kuliko cha Uno. Hesabu yake haipiti 32,767 kabla hujaishughulikia. STM32F103 yenye MHz 72 ina taima nzuri mno kwa kunasa, hata kipindi na upana wa pigo kwa mpigo mmoja, na ndiyo ninayoipenda. Pico ina taima za PWM zinazoweza kuhesabu kingo kwenye pini zake za B. Zote tatu ni za volti 3.3, usizilishe 5.

Mtego wa kufurika na suala la saa havijaondoka. Vimebadilisha majina ya rejista tu.

Ishara yangu ni ya polepole sana, sekunde kadhaa kwa wimbi. Je, yafaa kupima kitu kama hicho?

Yafaa sana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndani yake kulikuwa na kaunta za miale ya eksirei. Zilipoelekezwa kwenye chanzo kinachoitwa Centaurus X-3, hesabu zikapanda na kushuka kila sekunde 4.84. Kipindi hicho chenyewe kikawa kinarefuka na kufupika kidogo, duru moja kila siku mbili na kidogo, na kutokana na mabadiliko hayo madogo ya muda wanasayansi wakatambua kwamba ile nyota inazunguka nyota nyingine. Kwa kuhesabu mizunguko ndani ya lango la sekunde moja wasingeona kitu.

Kwako wewe: kigawanyo cha 256, taima ifurike kila sekunde 1.05, na uhesabu mafuriko. Pigo moja ni maikrosekunde 16, na kwa wimbi la sekunde 5 hiyo ni moja kati ya laki tatu.

Multimita yangu ina alama ya Hz. Haitoshi?

Kwa kujua kama jenereta iko 50 au 60, yatosha, na ni salama kuliko bodi iliyolala wazi mezani. Ukiitumia kwa inveta yenye meno itakupa 150 kwa ujasiri wote. Ile ya mama wa Likoni ingesoma 50.5 tangu siku ya kwanza. Ilikuwa kabatini, betri imekwisha.